Kabla ya Kulipia Matembezi ya Miguu Saadani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani ni mahali ambapo mbuga hukutana na ufukwe wa Bahari ya Hindi. Kwa kikundi kitokacho Nachingwea au Ruangwa, njia hupitia Dar es Salaam na Bagamoyo. Mwendo ni mrefu na malipo hutangulia huduma. Hivyo, uzembe mdogo huweza kumeza akiba ya msimu mzima wa ufuta au korosho.

1. Dai mchanganuo wa maandishi: nauli, kiingilio, ada ya matembezi, malazi na chakula. Bei moja ya jumla huficha kisicholipiwa. Kumbuka kuwa kiingilio hudumu kwa muda maalumu. Kulala zaidi huongeza gharama.

2. Kiingilio hulipwa TANAPA kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimkabidhi mtu fedha taslimu pasipo stakabadhi. Chukua kitambulisho cha Taifa, kwani raia hutozwa pungufu ya mgeni.

3. Watembeao hifadhini husindikizwa na askari mwenye silaha; thibitisha nafasi mapema. Epuka masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo zinapoharibika.

4. Wakala awe na leseni ya biashara ya utalii, na mkataba utaje marejesho ya fedha iwapo safari itaahirishwa.

Tunza tiketi, mkataba na risiti hadi mrejeapo nyumbani. Lalamiko lisilo na kielelezo ni gumu kushughulikiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.