Utangulizi: Wahadhiri wa Muda katika Vitivo vya Biashara

Huu ni utafiti ambao wengi wetu tuliufikia bila kuukusudia. Mmoja alikuwa akichunguza fedha za vyuo vikuu, mwingine sheria ya kazi, mwingine ubora wa ufundishaji, na wote wakajikuta mbele ya mtu yuleyule: mhadhiri anayefundisha somo moja au matano kwa barua ya muhula mmoja, analipwa kwa saa, na jina lake halimo katika orodha ya watumishi wa chuo. Katika vitivo vya biashara na usimamizi vya Afrika Mashariki mtu huyu si wa kutafutwa kwa tochi. Yumo katika kozi za mwaka wa kwanza zenye wanafunzi wengi, yumo katika madarasa ya jioni na ya Jumamosi, na ndiye anayeitwa pale mwenzake wa kudumu anapokwenda likizo ya masomo.

Nitaeleza msimamo wangu mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Naamini barua ya ajira ya mhadhiri wa muda iliandikwa kwa ajili ya mtu wa aina moja, na leo inabebwa na mtu wa aina nyingine. Mengi tunayoyalalamikia katika ufundishaji wa biashara vyuoni yanaanzia hapo, na ndiyo maana nahimiza tuanze kuisoma barua hiyo kabla ya kumhukumu anayeipokea.

Kwa nini biashara na usimamizi, wala si kemia? Jibu la kwanza ni gharama. Kozi ya kemia inadai maabara, kemikali na mtaalamu wa kuitunza maabara hiyo. Kozi ya misingi ya uhasibu inadai chumba, ubao na mwalimu, hivyo chuo kikipanga orofa mbili za jengo la katikati ya mji kinaweza kuanza kufundisha bila kungoja vifaa. Jibu la pili ni wanafunzi wenyewe. Karani wa benki, mhasibu msaidizi wa kampuni ya bima, afisa wa serikali anayengoja kupandishwa cheo, wote wanataka shahada bila kuacha kazi, na wana mshahara wa kulipia karo. Jibu la tatu husahaulika: mji uliojaa wanafunzi wa namna hiyo umejaa pia watu wanaoweza kuwafundisha. Nairobi ina wahasibu waliofuzu mitihani ya CPA ya KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969, ina wakaguzi wa hesabu, mameneja wa rasilimali watu, wataalamu wa ugavi na ununuzi. Ofisi zao ziko dakika chache kutoka madarasani.

Makerere, nchini Uganda, ilitangulia kuwafungulia wanafunzi wa namna hiyo mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia karo pamoja na wale wa serikali, na madarasa ya jioni yakaja nao. Mwaka 1997 ufundishaji wa biashara ukahamia Nakawa, kikaundwa chuo kinachojulikana kama MUBS. Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima kuhusu mageuzi ya Makerere, Scholars in the Marketplace, kilichotoka mwaka 2007. Kila mtafiti mpya ningependa aanze nacho, hata kama atakipinga, kwa sababu kinaonyesha jinsi pesa za karo zilivyobadili mahusiano ndani ya chuo: vitivo vikashindana kuvuta wanafunzi, na saa ya kufundisha ikawa kitu chenye bei yake mbali na mshahara. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wake wa wanafunzi wa kujilipia, Module II, mwaka 1998, na vyuo vingine vya umma vya Kenya vikafuata. Matawi yakafunguliwa Mombasa, Kisumu na miji midogo kuliko hiyo. Walimu wa kudumu hawakuweza kuenea kote huko. Simu zikapigwa kwa wenye shahada za uzamili waliokuwa karibu.

Tanzania inadai historia yake, maana Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, cha mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, cha mwaka 1972, vilianzishwa na dola iliyotaka wahasibu na mameneja kwa ajili ya mashirika yake yenyewe. Kulinganisha njia hizi mbili, ya dola na ya karo, ni kazi inayongoja mtu mwenye subira ya kukaa katika nyaraka za Dar es Salaam na Nairobi kwa zamu.

Nchini Kenya mto wa karo ulipungua ghafla. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 160,000 wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, walipata C+ au zaidi, alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Udhibiti wa wizi wa mitihani ulipokazwa, idadi ikashuka hadi takriban 89,000 mwaka 2016 na takriban 70,000 mwaka 2017. Serikali ikaweza kuwapangia wote nafasi, na mwanafunzi wa kujilipia katika shahada ya kwanza akaadimika. Matawi kadhaa yakafungwa. Mapato yaliyokuwa yakimlipa mhadhiri wa muda yakapungua, lakini haja ya kuwa naye haikupungua, kwa kuwa wanafunzi waliopangwa na serikali nao walihitaji mwalimu, na vyuo vingi vya umma havikuwa na fedha za kuajiri wa kudumu. Tangu hapo deni wanalodai wahadhiri wa muda limekuwa jambo la kawaida katika hesabu za vyuo hivyo.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Watafiti wa Marekani walitutangulia katika kuwapanga watu hawa kwa makundi. Howard Tuckman alifanya hivyo mwaka 1978, akitenganisha wenye kazi kamili kwingine na wanaotumaini ajira ya kudumu, wanafunzi na waliostaafu nusu, pamoja na wengineo. Mwaka 1993 Judith Gappa na David Leslie, katika The Invisible Faculty, walifupisha orodha hiyo hadi makundi manne: wataalamu wenye ajira nje ya chuo, wanaounganisha kazi ndogondogo kwa hiari yao, wanaokaribia kustaafu, na wanaoutafuta uhadhiri wa kudumu. Makundi hayo yanatufaa, ila kwetu yanabanana hadi mawili ndiyo yanayohesabika.

Wa kwanza ni meneja wa mikopo wa benki. Ana mshahara, bima ya matibabu na pensheni. Anafundisha somo la fedha za kampuni Jumamosi asubuhi kwa sababu anapenda, kwa sababu kuitwa mhadhiri kunampa heshima mbele ya wateja, na kwa sababu darasani huwaona mapema vijana wanaofaa kuajiriwa. Malipo yakichelewa miezi sita atanung'unika, lakini hatafukuzwa nyumbani kwake kwa kukosa kodi. Wa pili ana uzamili, anasomea uzamivu, na hana mshahara mwingine. Anafundisha masomo matano katika vyuo vitatu, leo Thika, kesho katikati ya jiji, keshokutwa Machakos. Misingi ya usimamizi anaifundisha mara tatu kwa wiki kwa mihtasari mitatu inayotofautiana kidogo. Hawa wawili hupewa barua ileile yenye maneno yaleyale, na mara nyingi kwa kiwango kilekile cha malipo kwa saa.

Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa kuwa uzito wa jambo uko katika barua hiyo. Kwa kawaida somo moja ni saa tatu kwa wiki, wiki 14 au 15, yaani saa 42 hadi 45 kwa muhula. Chuo hulipa saa hizo. Kwa meneja wa benki mwenye darasa la uzamili la watu 25 hesabu hiyo inakaribia haki: maandalizi ni kazi anayoifanya ofisini kila siku, na karatasi za kusahihisha ni chache. Chukua sasa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 200. Kuna majaribio mawili ya katikati ya muhula, yenye alama 30 kwa jumla, na mtihani wa mwisho wenye alama 70. Jaribio moja likisahihishwa kwa dakika tano, majaribio 400 yanakula zaidi ya saa 33. Karatasi ya mtihani ikipewa dakika 15, karatasi 200 ni saa 50 kamili. Kusahihisha peke yake kumefika saa 83 na ushee, wakati barua inatambua saa 45. Bado hatujaandaa somo, hatujatunga mtihani, hatujamjibu mwanafunzi aliyetuma ujumbe usiku kuuliza kwa nini alama zake hazionekani.

Mwalimu aliyebanwa hivyo hufanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya: hutunga maswali yanayosahihishika haraka. Zoezi la kuchambua duka halisi la soko la Gikomba hugeuka kuwa swali la kutaja kazi tano za meneja. Mwanafunzi anafaulu, alama zinaingia kwa wakati, na hakuna ripoti ya ubora itakayoonyesha kilichopotea. Nikisikia wakuu wa vitivo wakisema wahadhiri wa muda hawajitumi, huwauliza wamewahi kuipiga hesabu hii kwa darasa lao kubwa kuliko yote.

Malipo nayo yana safari yake. Mhadhiri hujaza fomu ya madai, akaambatanisha rejesta ya mahudhurio yenye saini ya kiongozi wa darasa. Mwenyekiti wa idara anathibitisha, mkuu wa kitivo anaidhinisha, msajili anahakikisha alama zimewasilishwa, ndipo fomu ifike idara ya fedha na kusimama foleni nyuma ya mishahara, kodi na wadai wenye mawakili. Nchini Kenya UASU, chama cha wahadhiri kilichosajiliwa mwaka 2003, hujadili mikataba ya pamoja iliyojengwa juu ya ngazi za mishahara ya wahadhiri wa kudumu. Mwenye fomu ya madai hana meza ya kukalia katika majadiliano hayo.

Je, wanafunzi wanaumia? Ushahidi wa kimataifa unamsaidia anayesoma kwa makini, nao unamchanganya mwenye haraka. Eric Bettinger na Bridget Terry Long, katika utafiti wao wa mwaka 2010 kuhusu vyuo vya Ohio, waliona kwamba wahadhiri wa muda waliweza kuwavutia wanafunzi kuendelea na somo, hasa katika fani zinazofungamana na kazi maalumu. David Figlio na wenzake, mwaka 2015, waliona kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Northwestern walijifunza zaidi kwa walimu wasio katika ngazi ya ajira ya kudumu. Lakini wengi wa walimu hao walikuwa na kandarasi ndefu na kazi kamili. Daniel Jacoby, mwaka 2006, alikuta vyuo vya jamii vya Marekani vilivyotegemea zaidi wahadhiri wa muda vikiwa na viwango vya chini vya kuhitimu. Ukizisoma tafiti hizi tatu kwa pamoja, swali linahama kutoka kwa mtu hadi kwa masharti yake. Meneja wetu wa mikopo yumo katika matokeo ya Ohio. Mwenzake wa Thika yumo katika matokeo ya Jacoby.

Shirika la Marekani la AACSB, lililoanzishwa mwaka 1916 na linalotoa ithibati kwa vitivo vya biashara duniani, limejaribu kuandika tofauti hii katika viwango vyake. Linatenganisha walimu wanaoshiriki maisha ya kitivo na wale wanaokuja kufundisha tu, na linataka wanaoshiriki wabebe angalau asilimia 75 ya ufundishaji wa kitivo kizima na asilimia 60 katika kila fani. Naipenda sehemu moja ya kanuni hii: haimuulizi mwalimu kama ana ajira ya kudumu, inauliza kama anashiriki. Kitivo kinaweza kumwita mwalimu wa muda katika kikao cha mitaala, kumpa meza, kumlipa kwa kusimamia miradi ya utafiti. Hayo yanagharimu kidogo kuliko ajira mpya, na sijaona sababu nzuri ya kutoyafanya.

Kuhusu sheria nitagusa tu, kwa kuwa wanasheria wataieleza vizuri zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inaruhusu kibarua wa siku kwa siku kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa muda wa kutosha. Kandarasi ya muhula haiingii kwa urahisi katika vifungu hivi, na mahakama kwa kawaida hushikilia kwamba kandarasi yenye mwisho haimpi mtu haki ya kuongezewa nyingine. Aliyefundisha mihula 20 mfululizo mezani kwa hakimu huonekana ameajiriwa na kuachwa mara 20. Kama hilo ni sawa, na kwa nani, ni hoja ambayo wanasheria wetu chipukizi wanaweza kuijengea maisha yao ya kitaaluma.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mdogo na wa vitendo. Anza na tarehe. Tafuta siku ratiba ya idara ilipobandikwa, siku mhadhiri alipopigiwa simu, siku barua yake iliposainiwa, siku alama zilipoingia, na siku pesa zilipoingia benki. Ukizipanga tarehe hizo tano kwa muhula mmoja wa kitivo kimoja, utajua mengi ambayo dodoso la wahadhiri 300 halitakuambia. Kisha uliza ni nani kati yao mwenye mshahara kwingine. Usiwachanganye katika jedwali moja, hata kama ofisi ya rasilimali watu imewachanganya.

Kuna uwanja mwingine ulio wazi kabisa. Tangu madarasa yalipohamia mtandaoni mwaka 2020, mihadhara mingi ya biashara imerekodiwa, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa na barua ya muhula mmoja tu. Video ya uhasibu wa gharama inaweza kutumika kwa darasa la mwaka unaofuata, na la mwaka ule mwingine, baada ya saa 45 za mwenye sauti kulipwa au kabla hazijalipwa. Barua nilizozisoma hazisemi video hiyo ni ya nani.