Arifa za Habari na Mwandishi wa Kujitegemea

Mwandishi wa kujitegemea akikosa mada hukosa pia riziki. Tangu mwaka 2003, Google Alerts humfaa: huandika neno alitakalo, akaletewa kwa barua-pepe habari mpya zilitajazo, kila siku au kila juma. Lakini mashine hufuata maandishi. Hapa Lubumbashi, tunakokula mahindi ya Zambia, anayeandika «mahindi Kasumbalesa» huenda akakosa habari za mpaka zilizochapishwa kwa Kifaransa. Yafaa aandike pia «maïs Kasumbalesa». Hata hivyo, malalamiko ya muuza unga wa soko la Kenya husemwa kwa Kiswahili, hayaandikwi. Basi arifa itujulishe lililokwisha kuandikwa. Lililobaki tukaliulize sokoni. Huko ndiko makala huzaliwa.