Mwalimu Aliyekataa Kumtoa Mgeni Wake

Usiku mmoja wa mwanzo wa mwezi wa Mei, mwaka 1875, watu watatu waliokuwa wakiwindwa walifika katika nyumba moja nje kidogo ya Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, wakaomba kuokolewa. Mkubwa wao alikuwa Jenerali Pierre Boisrond-Canal. Wale wengine wawili walikuwa vijana wa jamaa yake. Rais Michel Domingue alikuwa ametoa amri ya kumkamata yeye pamoja na majenerali wenzake Brice na Monplaisir Pierre. Hao wenzake hawakukubali kukamatwa, wakauawa. Aliyebaki alikuwa huyu mmoja, naye sasa alikuwa amesimama mlangoni pa mtu mwingine.

Mwenye nyumba alikuwa Bwana Ebenezer Bassett, mwakilishi mkuu wa Marekani katika nchi ile. Aliwakaribisha ndani. Muda si muda nyumba ikazingirwa na askari zaidi ya elfu moja.

Huyu Bwana Bassett hakuwa mwanajeshi, wala hakukulia katika nyumba za wakubwa. Alikuwa mwalimu wa shule. Alizaliwa tarehe 16 Oktoba, 1833, katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtoto wa wazazi weusi walio huru, ambao mamaye alikuwa pia na damu ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Babu yake alikuwa mtumwa, akaupata uhuru wake kwa kubeba silaha katika vita vya Wamarekani vya kujitoa katika utawala wa Uingereza. Mwaka 1853 kijana Bassett alihitimu katika chuo cha ualimu cha jimbo lake, mwanafunzi wa kwanza mweusi kupokewa chuoni hapo. Miaka miwili baadaye akamwoa Bibi Eliza Park.

Kisha akaenda Philadelphia, katika shule ya vijana weusi iliyoanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker, akawa mkuu wake hadi mwaka 1869. Katika siku zile watu wengi waliamini kwamba mtoto mweusi akifundishwa kusoma na kuhesabu, basi hiyo yamtosha. Bassett na wenzake waliwafundisha Kilatini, Kigiriki na hesabu za juu, na milango ikafunguliwa wageni waje kuwasikia wanafunzi wakijibu maswali ya mtihani hadharani. Hakuna hotuba iliyoweza kuwajibu wenye dharau kuliko majibu ya watoto wenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, naye alipanda jukwaani kuwahimiza watu weusi wajiandikishe jeshini. Mwezi wa Juni 1863, adui alipoingia katika jimbo la Pennsylvania, kikosi cha vijana wa kujitolea kilitoka katika shule yake kikiongozwa na mwalimu mwenzake, Octavius Catto. Walipofika mbele ya jeshi walirudishwa nyumbani kwa sababu ya rangi yao. Catto huyo huyo aliuawa kwa risasi barabarani tarehe 10 Oktoba, 1871, siku ya uchaguzi, watu weusi walipokuwa wakienda kupiga kura.

Rais Ulysses Grant alipomteua Bassett kwenda Haiti mwaka 1869, ilikuwa mara ya kwanza kwa Marekani kuwakilishwa katika nchi ya kigeni na mtu mweusi wa cheo hicho. Haiti yenyewe ilikuwa imejipatia uhuru mwaka 1804, lakini Marekani, iliyokuwa bado na watumwa, haikuitambua hadi mwaka 1862. Bassett aliikuta nchi vitani. Rais Sylvain Salnave alipinduliwa mwezi wa Desemba, akauawa Januari 1870. Katika ghasia hizo watu wengi walimkimbilia mwakilishi huyu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Kwa hiyo Boisrond-Canal alipofika mwaka 1875, mwenye nyumba alikwisha kujua maana ya kupokea wakimbizi.

Lakini safari hii mambo yalikuwa mazito zaidi. Usiku askari walipiga makelele hata waliomo ndani wasilale. Mama mwenye nyumba asomaye habari hizi atajua mwenyewe maana ya kulisha wageni kwa miezi mitano, hali kila atokaye na kila aingiaye anapita mbele ya bunduki. Na aliyewahi kushika lindo atawafikiria pia askari wale, ambao kosa la jenerali hawakulijua, bali waliambiwa wazingire wakazingira.

Tena Bassett hakupata faraja kwa wakubwa wake. Washington haikupendezwa na desturi ya kuwahifadhi wakimbizi wa kisiasa katika nyumba za wawakilishi, na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Hamilton Fish, alimwonyesha wazi kutoridhika kwake. Bassett aliandika kwa adabu kwamba huenda huruma ya kibinadamu ilimzidi nguvu. Hata hivyo mgeni hakumtoa. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko penye bunduki. Maana adui aliye nje hutazamwa usoni, lakini mkubwa wa kazi anayekuona mkosefu huwezi kumfungia mlango.

Mwezi wa Oktoba mapatano yalipatikana. Bassett alimsindikiza mgeni wake hadi akapanda meli kwenda uhamishoni. Mwaka uliofuata Domingue alipinduliwa, na mtu yule yule aliyewindwa akarudi akawa Rais wa Haiti.

Bassett aliacha kazi hiyo mwaka 1877, kisha kwa miaka kadhaa akaitumikia Haiti yenyewe kama konseli wake mjini New York. Mwaka 1889 alitumaini kupewa tena uwakilishi wa Marekani, lakini ulipewa rafiki yake wa miaka mingi, Frederick Douglass. Mzee huyu wa miaka 55, aliyekuwa mkuu wa pale, alikubali kurudi Port-au-Prince kuwa katibu na mkalimani wa rafiki yake. Alifariki mwaka 1908, akazikwa New Haven, katika jimbo alikozaliwa.