Pasua Utumbo Kabla ya Kwenda Agroveti

Huku kwetu Sirisia, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku. Anayemwandaa kuku huyo huisafisha firigisi kwa uangalifu mkubwa, maana anajua itapelekwa mbele ya nani, halafu matumbo anawatupia mbwa bila hata kuyatazama. Siku moja ayatazame. Aweke maji safi kwenye karai, aupasue utumbo kwa wembe toka mwanzo hadi mwisho, auache ndani ya maji dakika chache. Atakachokiona humo kitamfaa kuliko maelezo ya muuza dawa.

Mnyoo mviringo, ambaye wataalamu humwita Ascaridia galli, ndiye rahisi kumtambua. Ni mweupe, mnene, ana urefu wa sentimita 5 hadi 12, na hukaa kwenye utumbo mwembamba. Wakiwa wengi huuziba kabisa. Mwingine, Heterakis, ni mdogo sana, sentimita 1 hivi, naye hujificha ndani ya vile vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Huyu hamsumbui sana kuku, ila mayai yake hubeba kijidudu kinachoua bata mzinga, kwa hiyo anayefuga bata mzinga asiwachanganye na kuku kwenye ua mmoja. Wa tatu ni tegu: bapa, ana pingili nyingi, na kichwa chake kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo hivi kwamba ukimvuta anakatika. Tegu wengine ni wadogo mno, ndiyo maana nasema maji yawe safi na macho yasiwe na haraka.

Watafiti waliopasua kuku wa kienyeji sehemu mbalimbali za Kenya wamekuta minyoo kwa karibu kuku tisa kati ya kila kumi, na mara nyingi aliyeongoza alikuwa tegu wa jamii ya Raillietina, si mnyoo mviringo. Sasa nenda agroveti yoyote, Chwele au Malakisi, uulize dawa ya minyoo ya kuku. Kuna uwezekano mkubwa utapewa pakiti ya piperazini. Ni dawa nzuri, bei yake si kubwa, na imetumika kwa mifugo tangu miaka ya 1950. Humlegeza mnyoo mviringo akashindwa kujishikilia, akatoka na kinyesi. Tegu haimfanyi kitu. Levamisoli inafika mbali zaidi kidogo, inawapata hata wale wa kwenye vifuko, lakini nayo tegu inamwacha alipo.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara: nimewapa dawa kila baada ya miezi mitatu na bado mtetea amekonda, kifua kimebaki mfupa, hatagi. Mfugaji anahitimisha kwamba dawa ni feki. Za feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa halali kabisa, ila ilitumwa kwa mnyoo asiye wake.

Tegu hatoki kwa kuku akaingia kwa kuku mwingine moja kwa moja. Pingili zake zilizojaa mayai hutoka na kinyesi, sisimizi au mbawakawa anazila, na kuku anapomdonoa mdudu huyo ndipo anapoambukizwa. Kuna tegu wengine wanaopitia kwa nzi, na wengine kwa konokono. Fikiria boma la kawaida huku kwetu: ng'ombe wamefungwa hatua chache kutoka bandani, samadi imerundikwa pembeni, makombo ya ugali yamemwagwa mlangoni na msafara wa sisimizi umeshapanga foleni. Kuku anashinda hapo siku nzima. Huwezi kumkataza kula wadudu, na wala usijaribu, kwani protini yake nyingi inatoka huko. Mchwa mnaowachimbia vifaranga ni chakula bora. Unachoweza ni kuhamisha lundo la samadi mbali na banda, kuwalisha kwenye chombo badala ya kumwaga chini, na kuondoa makombo kabla sisimizi hawajayafikia.

Dawa ya tegu ni prazikwanteli. Kipimo kinachotumika kwa kuku ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, na hupewa kuku mmoja mmoja mdomoni. Kwa kuwa mara nyingi haifungashwi kwa ajili ya kuku, mwone daktari wa mifugo akukatie kipimo, usikisie. Albendazoli nayo inaua mnyoo mviringo, na kwa kipimo cha juu humpunguza tegu, ila kipimo hicho pia ni cha daktari kukipanga. Mpime kuku kwa mizani: mtetea wa kienyeji mara nyingi ana kilo moja na nusu hivi, na jogoo anamzidi. Kipimo pungufu hakiui minyoo, kinaizoeza dawa.

Mnyoo mviringo hadithi yake ni nyingine, na kwa huyu usafi una nguvu kweli. Yai lake likidondoka na kinyesi haliwezi kuambukiza siku hiyo. Linahitaji unyevu, joto na kama wiki mbili hivi ardhini ndipo mtoto aliye ndani akomae. Kwa hiyo banda linalozolewa kinyesi kila wiki halimpi nafasi. Tatizo ni kinyesi hicho kinakopelekwa. Wengi wetu tunakimwaga kibichi kwenye sukuma wiki iliyo nyuma ya jikoni, palepale vifaranga wanapochakura, na udongo wenye kivuli na unyevu unaweza kuyatunza mayai hayo hata zaidi ya mwaka. Kirundike kwanza, ukifunike, ukiache kichemke na kuoza. Joto la ndani ya lundo ndilo linaloyaua mayai.

Wanaoumia zaidi na mnyoo huyu ni vifaranga walio chini ya miezi mitatu. Wape dawa ya kwanza wakiwa na wiki nane hivi, kisha kundi zima kila miezi mitatu, na mara moja zaidi mvua ya Machi ikishakolea. Mlo nao unahesabika: kuku aliyekosa vitamini A hushindwa na minyoo upesi, kwa hiyo mboga za majani na mahindi ya njano si anasa.

Dawa nyingi huwekwa kwenye maji, na hapo ndipo kuku huria anapokuponyoka. Ukimfungulia asubuhi atakunywa umande na maji ya dimbwi, ndoo ya dawa abaki nayo bata. Ondoa maji jioni, asubuhi wafungie ndani na maji ya dawa peke yake, kiasi watakachokimaliza ndani ya saa chache, ndipo uwafungulie. Soma kwenye pakiti siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Kama hazikuandikwa, muulize daktari kabla hujapeleka trei sokoni.

Kuhusu dawa za asili, nitasema machache. Mshubiri kwenye maji hauna ushahidi wa kutosha kwamba unatoa minyoo. Tumbaku, ambayo Malakisi inaifahamu vizuri, ina historia: Marekani, kabla ya dawa za kisasa, wafugaji walichanganya vumbi la tumbaku kwenye chakula cha kuku ili kumtoa mnyoo mviringo, na ilisaidia kiasi. Lakini nikotini ni sumu, na majani mawili hayalingani ukali. Kuku wa kilo moja na nusu si wa kufanyiwa majaribio hayo.

Mara chache sana mtu huvunja yai akakuta mnyoo mviringo ndani, aliyepanda kutoka kwenye utumbo akaingia njia ya mayai. Anachefua, lakini minyoo hii ya kuku haiishi ndani ya binadamu.

Kuku uliyemnunua soko la Chwele akae peke yake wiki mbili, na umpe dawa kabla hajaingia kundini. Chanjo ya kideri nayo itolewe wiki moja au mbili baada ya dawa ya minyoo, kwani kuku aliyejaa minyoo huipokea chanjo vibaya. Ukiwa huna kuku wa kuchinja na unashuku minyoo, chukua kinyesi kibichi cha asubuhi kutoka kwa kuku kadhaa, ukitie kwenye chupa safi yenye kifuniko na ukipeleke siku hiyohiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi. Kikihitaji darubini, maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Eldoret. Ila kuku wakianza kufa kwa pamoja, wengi ndani ya siku mbili tatu, wakipinda shingo na kuharisha kijani, acha habari ya minyoo. Usiuze hata mmoja, wafungie wote, umwite daktari siku hiyo.