Bibi wa ukoo wa malodi aliyelazwa kibla Uskoti

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, tulikaa barazani kwa ndugu yangu kuzungumza habari ya posa. Binti yake alikuwa ameposwa na kijana fundi wa umeme, mtu wa bara, aliyesilimu miaka tisa iliyopita. Kijana anasali jamaa, anasoma Kurani kwa tajwidi, ana kazi yake, na hakuna aliyesikia neno ovu juu yake. Kahawa ilipita mara mbili. Kisha mzee wetu mmoja, mtu wa heshima ambaye shajara ya ukoo wake imetiwa fremu na kutundikwa ukumbini, akauliza lile swali ambalo pwani yetu haliishi kuulizwa: "Ni wa kwa nani huyu?"

Pakawa kimya. Mimi ndiye ami mkubwa wa binti, basi nyuso zote zikanigeukia mimi. Sikuwa na jibu. Kusema nasaba si kitu ningekuwa mwongo, maana mimi mwenyewe huwataja mababu zangu saba bila kupumua. Kusema kijana hafai ningekuwa dhalimu. Nikaomba wiki moja.

Katika wiki hiyo nilirudia kusoma habari za bibi mmoja wa Kizungu ambaye kwa nasaba hapakuwa na wengi wa kumshinda katika Uingereza yote. Alizaliwa katika nyumba ya malodi, akaolewa katika nyumba ya wapika pombe, akafa Mwislamu aliyekwisha kuhiji. Jina lake ni Lady Evelyn, naye alijipa jina la Zainab. Msomaji mpenzi, kaa nami kidogo nikuelezee ukoo wake, maana ndani yake mna mafunzo.

UKOO WENYE JINA

Lady Evelyn Murray alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1867, kifungua mimba wa Charles Adolphus Murray, Earl wa saba wa Dunmore. Sisi huku Kenya tukisikia neno lodi humkumbuka Delamere na mashamba yake ya bonde la ufa. Lakini kwao Uingereza malodi wana daraja, na Earl yuko juu ya Baron kama Delamere kwa daraja mbili. Cheo humfuata mwana wa kiume mkubwa. Binti wa Earl hapati cheo, hupata neno Lady mbele ya jina lake mwenyewe, na hubaki nalo hata akiolewa na mtu asiye na cheo chochote. Ndiyo sababu bibi huyu huitwa Lady Evelyn maisha yake yote.

Ukoo wa Dunmore ni ukoo wa visa. Lodi wa nne, John Murray, alikuwa gavana wa mwisho wa mfalme katika jimbo la Virginia, Marekani. Waasi walipomzidi nguvu mwaka wa 1775, alitoa tangazo kuwa mtumwa wa mwasi yeyote atakayekimbilia jeshi la mfalme na kushika silaha atakuwa huru. Ulikuwa ujanja wa vita zaidi kuliko huruma, maana yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Lodi huyo huyo ndiye aliyejenga kwake Uskoti, mwaka wa 1761, nyumba ya bustani ambayo leo ina kuba la mawe lenye umbo la nanasi. Nanasi, ambalo kwetu huuzwa njiani, kwao lilikuwa alama ya utajiri!

Binti wa lodi huyo, Lady Augusta, aliolewa huko Roma mwaka wa 1793 na mwana wa Mfalme George wa tatu. Lakini sheria ya mwaka wa 1772 ilimkataza mtoto wa mfalme kuoa bila ya idhini ya mfalme. Mwaka uliofuata ndoa ikabatilishwa, na watoto wao wawili wakahesabiwa kuwa si wa ndoa. Kumbe hata nyumba ya Earl ilionekana ndogo mlangoni pa mfalme! Kila mwenye nasaba ana mwenye kumzidi.

Upande wa mama ndio wenye ajabu zaidi. Mama yake, Lady Gertrude Coke, alikuwa binti wa Earl wa pili wa Leicester. Dada wa baba mmoja wa lodi huyo alimzaa Jane Digby, yule mwanamke aliyezungumzwa Ulaya nzima kwa waume zake, mwishowe akaenda Shamu na kuolewa na Sheikh Medjuel wa kabila la Mezrab. Bibi Digby aliishi Damascus na katika mahema ya jangwani mpaka alipofariki mwaka wa 1881. Basi tazama mambo ya Mola: huyu aliolewa na sheikh wa Kiarabu akafa Mkristo, na binti wa binamu yake akaolewa na Mwingereza akafa Mwislamu.

DENI LA BABA, BAHATI YA MWANA

Ukoo wa Dunmore ulikinunua kisiwa cha Harris mwaka wa 1834, na nyanya yake Lady Evelyn ndiye aliyekifanya kitambaa cha sufu cha kisiwa hicho kijulikane. Baba yake akajenga kasri huko kaskazini ya kisiwa, na madeni yakamwelemea, akalazimika kuiuza sehemu hiyo yote kwa tajiri wa benki. Alikuwa mtu wa safari kuliko wa hesabu. Alizunguka milima ya Pamir na kuandika kitabu chake mwaka wa 1893.

Kwa tabia hiyo ya kuhamahama, watoto walipelekwa kukaa Afrika ya Kaskazini majira ya baridi. Evelyn akakulia nusu ya utoto wake katika nyumba ya Kimori kilimani nje ya Algiers. Alijifunza Kiarabu, na kila alipoweza alimtoroka yaya wake akaenda misikitini pamoja na rafiki zake Waarabu. Baadaye alieleza kwamba hajui ni saa gani ukweli wa Uislamu ulimwingia. Aliona kana kwamba alikuwa Mwislamu tangu zamani. Siku moja huko Roma alipelekwa na marafiki kumwona Papa, na Papa alipomwuliza kama ni Mkatoliki, akajikuta amejibu kuwa yeye ni Mwislamu.

Ndugu yake wa kiume alifuata njia nyingine. Alexander, aliyekuja kuwa Earl wa nane, alipata nishani ya Victoria Cross mwaka wa 1897 katika bonde la Swat, ambalo sasa liko Pakistan, akipigana na Wapathani Waislamu. Tumbo moja, kibla mbalimbali.

NDOA YA CAIRO

Mwaka wa 1891, mjini Cairo, Lady Evelyn aliolewa na John Dupuis Cobbold. Hapa ndipo wazee wetu wa baraza wangeshika vichwa. Cobbold hakuwa lodi. Ukoo wake ulikuwa wa matajiri wa Ipswich, na utajiri huo ulitoka katika upikaji wa pombe, kazi waliyoianza Harwich mwaka wa 1723. Basi bibi ambaye roho yake ilikuwa ikielekea Makka aliendesha nyumba iliyojengwa kwa bia.

Walijaaliwa watoto watatu: Winifred, Ivan na Pamela. Lakini mke alipenda jangwa na milima, na mume alikuwa na shughuli zake. Mwaka wa 1922 wakatengana kisheria. Bibi akapata shamba la Glencarron, nyanda za juu za Uskoti, ambako alisifika kwa kuwinda kulungu kwa bunduki. Mume alifariki mwaka wa 1929. Pamela, aliyeolewa katika ukoo wa wenye benki wa Hambro, akafariki mwaka wa 1932.

Mwanzo wa mwaka wa 1933, mama huyu, akiwa na umri wa miaka 65, akashuka Jeddah kwenda kuhiji.

HIJA YA 1933

Haikuwa kazi rahisi. Serikali ya Saudia iliogopa Wazungu wanaosilimu kwa ulimi tu ili waione Makka. Balozi wake London, Hafiz Wahba, alimwandikia mfalme kumwombea ruhusa. Huko Jeddah alikaa kwa Philby, Mwingereza aliyesilimu mwaka wa 1930, akangoja. Ruhusa ilipofika, alikwenda kwanza Madina kwa gari, kisha Makka, kisha Arafa na Mina pamoja na mahujaji wengine. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka wa 1934, na kikachapishwa upya mwaka wa 2008. Ndiye mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uingereza ambaye hija yake inajulikana kwa maandishi. Wazungu waliomtangulia, kama Burton mwaka wa 1853, walikuwa wanaume. Yeye aliingia ndani kwa wanawake, akala nao, akaandika aliyoyaona.

Ndugu msomaji, mimi hapa ndipo niliposimama nikafikiri sana. Mbele ya Kaaba, bibi huyu alikuwa wa kwa nani? Mwenye kutufu pembeni yake hakujua Dunmore wala Leicester. Nasaba ile ya miaka mia kadhaa ilibaki Jeddah pamoja na masanduku.

Mwaka wa 1935 alitoa kitabu kingine, na hiki ni juu ya nchi yetu hii ya Kenya.

KABURI LA MLIMANI

Watoto wake hawakumfuata katika dini. Ivan alimwoa Lady Blanche, binti wa Duke wa Devonshire, akashika kiwanda cha pombe cha baba yake, na chini ya uongozi wake timu ya kandanda ya Ipswich Town ikawa ya kulipwa mwaka wa 1936. Jumapili moja ya Juni 1944, akiwa katika ibada ya kanisa la wanajeshi jijini London, bomu la Wajerumani liliangukia kanisa likaua watu 121, naye akiwamo. Wanawe, John na Patrick, walikuja kuwa wenyeviti wa timu hiyo hiyo, iliyochukua kombe la FA mwaka wa 1978. Na dada yake Lady Blanche alikuwa mke wa Harold Macmillan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati makoloni ya Afrika yalipokuwa yakijitoa moja baada ya jingine.

Macmillan alikuwa bado madarakani Januari ya 1963, Lady Evelyn alipofariki Inverness akiwa na miaka 95. Bibi mwenye ukaribu huo na wenye kutawala angeweza kuzikwa kanisani pamoja na mawe ya mababu. Yeye alikuwa ameusia azikwe peke yake juu ya mlima wa Glencarron, kwa mazishi ya Kiislamu, aelekezwe kibla, na kulungu wapite juu ya kaburi lake. Ilikuwa baridi ya kuvunja mifupa. Imamu alisafiri kutoka msikiti wa Woking, kusini ya Uingereza, mpaka kwenye theluji ile ya Uskoti. Mpiga zumari wa Kiskoti akapiga wimbo wa kuomboleza, kama ilivyo ada ya kwao. Imamu akasoma Kurani. Juu ya jiwe la kaburi ikaandikwa ile Aya ya Nuru, katika Suratun-Nur. Jamaa zake, wasioijua dini yake, waliutimiza usia wake.

JIBU LA BARAZANI

Wiki ilipokwisha nilirudi barazani nikawasimulia yote haya. Mzee wetu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umetuletea mwenye nasaba akasilimu. Sisi tunaye aliyesilimu na hana nasaba. Na katika vitabu vyetu vya Kishafii kufu imo."

Nikamwambia, "Kweli imo, Mzee wangu, wala sikatai. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kuwa kufu ni haki ya binti na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa aliyecheleweshwa na amali yake, nasaba haitamharakisha. Bibi yule alikuwa na shajara ndefu kuliko zetu sote hapa, na haikumvusha hata hatua moja kuelekea Makka. Alikwenda kwa miguu yake."

Ndugu yangu akauliza, "Na watoto wake hawakuwa Waislamu hata mmoja?"

"Hata mmoja. Alikuwa peke yake, mbele hana na nyuma hana. Huyu kijana anaomba asiwe peke yake."

Hapo ndipo tulipotambua jambo la aibu: wiki nzima tulijadili mababu wa kijana, na binti mwenyewe hatukumwuliza. Mama yake akaingia ndani, akakaa kitambo, akarudi. Binti ameridhika. Ndugu yangu naye akasema ameridhika. Mzee wetu hakusema neno. Alitazama chini, akazungusha tasbihi yake, kisha akainua mikono yeye wa kwanza, akasema, "Al-Fatiha."

Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nami naliongezea hilo ubeti mmoja, niwaage:

Nasaba si ya kuringa, wala si ya kubezeka,
Tena si ngao na kinga, siku tutapofufuka,
Kitendo ndicho hujenga, jina lisilofutika,
Muungwana ni kitendo, si jina la kuitika.