Zulu, Mchekeshaji wa Hilo

Katikati ya bahari kuu ya Pasifiki, mbali sana na bara, viko visiwa viitwavyo Hawaii. Zamani visiwa hivyo vilitawaliwa na wafalme wa wenyeji, na tangu mwaka 1959 ni jimbo la 50 la Marekani. Huko, katika mji wa Hilo, alizaliwa mwaka 1937 mtoto jina lake Gilbert Lani Kauhi. Alipokuwa mtu mzima watu walimwita Zulu, wala hakuwa Mzulu wa Afrika Kusini. Alikuwa mwenyeji wa Hawaii.

Zulu alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa na uso wa kucheka. Alifanya kazi katika ufuo wa Waikiki, mjini Honolulu, pamoja na vijana wanaowafundisha wageni kupanda mawimbi. Je, mtu hupandaje wimbi? Hulala kifudifudi juu ya ubao mrefu, akapiga maji kwa mikono hata afike mbali kidogo na pwani. Hapo hungoja. Wimbi kubwa likija na kuuinua ubao, husimama upesi, nalo humleta ufuoni mbio kama mtu aliyepanda farasi. Mchezo huu wenyeji wa Hawaii waliucheza tangu kale.

Lakini kazi ya vijana wale haikuwa majini tu. Waliimba pia, wakapiga ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, ambalo asili yake ni ala iliyoletwa na Wareno wa kisiwa cha Madeira mwaka 1879. Aliyejua kuimba na kufanya mzaha alipendwa na wageni. Basi Zulu akawa mwimbaji na mchekeshaji, na watu wakaja kumsikiliza.

Mwaka 1968 ulianza mchezo wa televisheni ulioitwa Hawaii Five-O, yaani Hawaii Hamsini, kwa sababu ya lile jimbo la 50. Ulikuwa mchezo wa askari wanaowasaka wahalifu. Mkuu wao, McGarrett, aliigizwa na Jack Lord, na Zulu aliigiza askari aitwaye Kono. Picha zake zilipigwa huko huko Hawaii. Kwa hiyo watu wa mbali, ambao hawakupata kuviona visiwa vile, waliona milima yake na pwani zake, wakamwona na mwenyeji wake hasa.

Zulu akapata sifa kubwa. Lakini mwaka 1972, baada ya misimu minne, aligombana na mtu mmoja wa kazi ile, akamtolea maneno mabaya, naye akaondolewa. Nafasi yake katika kundi la askari ilishikwa na Al Harrington, na mchezo ukaendelea bila yeye hata mwaka 1980.

Hata hivyo, Zulu hakukaa bure. Alirudia kazi yake ya kwanza, kuimba na kuchekesha watu. Baadaye alipatwa na ugonjwa wa kisukari, akafariki mwaka 2004 katika mji ule ule wa Hilo, akiwa na umri wa miaka 66.

Tazameni basi: kinywa kilichomwinua kwa nyimbo na mzaha ndicho kilichomwangusha. Wazee wetu walisema kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.