JIKO LA FAMILIA: Mboga ya msimu haingoji mwisho wa mwezi

Mwezi huu ukurasa wa familia unaingia jikoni. Akina baba msigeuze karatasi, mambo haya yanawahusu na nyinyi, maana sahani ni ya wote.

Tuko katika mvua, miezi ambayo Malawi nzima inaijua kuwa miezi ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha kwa wengi, mapya bado yako shambani, na bei ya unga inapanda. Mwaka 2024 ilikuwa mbaya zaidi. Mvua zilikatika, na mwezi wa tatu Rais wa Malawi alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Sisi wa kambini tulikuwa tunanunua unga katika masoko yale yale. Msaada nao unakwisha kabla ya mwezi kwisha, hilo halihitaji mwalimu wa kulieleza.

Sasa angalieni: miezi hii ya njaa ndiyo miezi ya majani. Lengalenga inaota yenyewe nyuma ya nyumba. Maboga yanatambaa mpaka kwenye njia. Matembele yamejaa. Sokoni fungu moja la majani linauzwa bei ndogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Ikifika mwezi wa tisa na wa kumi, jua kali, fungu lile lile linakuwa dogo na bei inapanda. Anayejua kupika na kuhifadhi majani sasa hivi, amejiwekea akiba.

Koko na vyungu vyake

Karibu na shule yetu anaishi mama mmoja mzee kutoka Fizi, Kivu ya Kusini. Watoto wote wanamwita Koko. Hana shamba, ana vipande viwili vya ardhi kando ya nyumba, kila kimoja kama mkeka. Lakini ukipita kwake saa za jioni harufu inakusimamisha.

Koko alipofika Malawi alikuwa anatafuta mawese na ndagala za Tanganyika, ladha ya nyumbani. Mawese hapa ni ghali. Basi akaanza kukaa na akina mama Wamalawi pale sokoni na kuwauliza: hii nyinyi mnaipika namna gani? Wakamfundisha kutia unga wa karanga katika mboga, unaoitwa *nsinjiro*. Yeye akawafundisha sombe ya kutwanga kwenye kinu. Leo anapika usipa wa Ziwa Malawi kwa nyanya na pilipili kama vile alivyokuwa anapika ndagala, na wajukuu wake wanalamba vidole. Anasema kwamba ladha ya nyumbani mtu anaibeba mkononi, na mkono unaweza kuzoea mboga ya mahali popote.

Mboga moja, majina mengi

Darasani niliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja aulize nyumbani jina la mboga. Haya ndiyo tuliyokusanya:

- Lengalenga: Wanyarwanda wanaita *dodo*, Wamalawi *bonongwe*.
- Sombe: Warundi *isombe*, Wamalawi *chigwada*.
- Majani ya maboga: Wanyarwanda *isusa*, Wamalawi *nkhwani*.
- Matembele: Wamalawi *kholowa*.
- Kishona nguo, ile inayoshika kwenye suruali: Wamalawi *chisoso*. Kumbe majani yake machanga yanaliwa!

Watoto walicheka sana. Walikuwa wanadhani kila kabila lina mboga yake, kumbe tunakula kitu kimoja. Wengi wao wamezaliwa hapa kambini, hawajawahi kuona shamba la babu. Tusipowaonyesha, majina haya yatapotea, na ujuzi wake pia.

Majani ya maboga kwa karanga (watu 5 au 6)

Tayarisha: mafungu 2 ya majani machanga, nyanya 3, kitunguu 1, karanga mbichi kikombe 1, chumvi kidogo.

1. Chambua karanga. Iliyoota ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi, itupe. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika, na usiwape hata kuku. Halafu twanga zilizobaki ziwe unga.
2. Menya nyuzi za majani kuanzia kwenye kikonyo. Osha, kisha kata.
3. Chemsha maji kikombe 1, tia majani, nyanya, kitunguu na chumvi. Acha kama dakika 10.
4. Mwaga unga wa karanga juu, punguza moto, koroga mara kwa mara maana karanga zinashika chini upesi. Baada ya dakika 15 hivi, iko tayari kwa bugali.

Mafuta hayahitajiki, karanga zina mafuta yake. Na mafuta hayo yanausaidia mwili kupokea vitamini A ya majani, ile inayolinda macho ya watoto.

Kwa wapishi wa sombe, Koko anakumbusha: chuma majani machanga, twanga vizuri, chemsha muda mrefu bila kufunika. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha. Kwa sababu makaa ni ghali, majirani watatu wanaweza kuchanga na kupika chungu kimoja kikubwa, kisha wagawane.

Weka akiba ya kiangazi

Wamalawi wana mboga kavu inayoitwa *mfutso*. Chemsha majani dakika 2 au 3, kamua maji, tandaza juu ya mkeka safi. Anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini. Geuza kila siku, na mvua ikianza ingiza ndani. Yakivunjika mkononi kama karatasi, yamekauka. Funga vizuri, weka mahali pasipo na unyevu. Siku ya kupika loweka kwanza, halafu fuata njia ya karanga hapo juu.

Akina mama, akina baba, na vijana mnaopika wenyewe: kila mmoja ana chungu anachokijua. Andika kwa lugha yoyote, au mtume mtoto aje asimulie darasani, mimi nitaandika. Mwezi ujao tunataka maharage: nani anajua kuyaivisha kwa makaa kidogo? Tusiache ujuzi ulale njaa pamoja nasi.

Mwalimu wenu wa kujitolea